Volyumu Iliyoungua Mgongo

Mnanicheka, wajukuu zangu, kwa sababu nikifungua redio mkono wangu wa kushoto huingia mfukoni wenyewe. Juzi mmoja wenu aliniuliza kama natafuta peremende. Chekeni tu. Lakini nyinyi mnaojifunza ufundi wa redio na magitaa, kaeni kidogo niwaeleze mkono huu uliingiaje huko, maana sikuuweka mimi. Uliwekwa na woga, na huo woga ndio ulionifikisha umri huu.

Kazi niliifunzwa Mbeya, miaka ya hamsini, na Mzee Feruzi. Alikuwa mtu wa asili ya pwani aliyepanda huku juu kwa kazi, na baridi yetu hakuizoea mpaka anaondoka. Alivaa makoti mawili, moja juu ya lingine, akafanya kazi ya mikono stadi kuliko yote niliyopata kuona. Karakana yake ilikuwa mjini, penye umeme. Mimi nilipanga chumba Mwanjelwa, kusikokuwa na umeme, nikawa natembea kila asubuhi katika ukungu huku najisomea moyoni yale ya jana.

Siku ya kwanza alinipa aproni yenye mfuko mmoja tu, upande wa kushoto, mrefu hadi gotini. Akasema, "Redio ikiwa na moto, mkono huo unalala humo. Umeme ukiingia mkono mmoja ukatokea mwingine, njia yake ni kifuani. Sasa wewe kifuani una nini?" Nikajibu, moyo. Akasema, "Basi usiufanye daraja."

Alikuwa na mambo yake mawili yaliyofanya mji mzima umwone mtu wa ajabu. La kwanza lilikuwa kitambaa chekundu. Fundi mwenye mkono ndani ya mashine yenye moto alikitundika mlangoni, na kikiwa pale hakuna anayebisha hodi wala kutoa salamu, hata awe nani. Sasa fikirieni, katika mtaa wa Waislamu, mtu anasema "Asalaam aleikum" mlangoni na fundi hageuki! Mwanzoni walimwita mwenye kiburi. Yeye akawaeleza kwamba mtu akishtuka mkono hukaza, na mkono ukikaza juu ya umeme haubanduki. Baada ya muda mji ukazoea. Hata watoto walikuwa wakiona kitambaa wanapita kwa kunyata, na wateja walisubiri kando ya barabara na redio zao vichwani wakipiga soga kwa sauti ya chini.

La pili aliliita kutaja. Kabla hujagusa chochote, unasema kwa sauti unachokiogopa. Siyo unachokwenda kufanya, la, unachokiogopa. "Naogopa kondensa hii bado ina umeme ndani yake." Akiridhika, anasema, "Gusa." Ukisema huogopi kitu, anakutuma sokoni ukanunue vitunguu. Miezi ya mwanzo nilinunua vitunguu vingi sana, na mama mwenye nyumba wangu alifurahi kupita kiasi.

Sasa niseme kidogo kuhusu kupima volyumu, maana huko ndiko hadithi hii ilikotokea, na naona siku hizi mnapima ovyo. Volyumu ile mnayoizungusha kwenye redio ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye gitaa la umeme. Ina miguu mitatu. Ukiweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye miguu miwili ya pembeni, mshale wake usimame mahali pamoja, uzungushe usizungushe. Kama imeandikwa laki tano za omu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, basi isome karibu na hapo, haitafika sawasawa, na usiilaumu kwa hilo. Kisha hamisha ncha moja uiweke mguu wa kati, uzungushe taratibu, na macho yasitoke kwenye mshale. Mshale utembee kama mzee anayeshuka ngazi, bila kuruka. Ukiruka, hapo ndipo penye jeraha, na hapo ndipo gitaa linapokwaruza. Nyinyi wenye mita za tarakimu mnaona namba zinabadilika badilika tu, hamjui kuruka ni nini. Mshale ulikuwa unakuonyesha.

Na usipime kabla hujafungua lehemu ya mguu mmoja. Mimi mara ya kwanza nilipima volyumu ikiwa bado imeungwa humo gitaani, mita ikasoma elfu chache tu badala ya laki, nikatangaza kwa ujasiri kwamba imekufa. Mzee Feruzi akaniuliza kwa upole mno, "Saidi, umepima volyumu, au umepima waya uliozungushwa kwenye sumaku ya gitaa?" Umeme wa mita ulikuwa umepita njia fupi, kama sisi sote. Nilinunua vitunguu.

Magitaa ya umeme yalikuwa machache mno kwetu wakati huo. Moja lilikuwa Iringa, mikononi mwa shemeji yangu.

Shemeji yangu aliitwa Idi. Alimwoa mdogo wangu wa pekee, Mwajuma, na mchana alikuwa karani wa ghala la mfanyabiashara. Siku za sherehe alipiga gitaa katika bendi ya Bwana Nestori, Mhehe mmoja Mkatoliki, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza maandamano. Mimi na Idi tulitaniana kama inavyotakiwa. Aliniita fundi wa vitunguu, maana Mwajuma alikwisha kumpa siri zangu zote. Mimi nilimwita mchumba wa mbao. Wakati ninaousema Mwajuma alikuwa mja mzito kwa mara ya kwanza, na mama yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo dada huyo nilikuwa naye peke yake na yeye alikuwa nami.

Gitaa lilifika Mbeya limefungwa blanketi, limeletwa na utingo wa lori, kijana Mnyakyusa mchangamfu aliyeitwa Ambakisye. Alikuja na maneno kutoka kwa Idi. "Shemeji yako anasema hii gitaa ina kwikwi. Ukiongeza sauti inakata, inarudi, inakata. Jumamosi alasiri kuna harusi, anaitaka Ijumaa ipande gari."

Gitaa pekee, halijachomekwa popote, halina la kumtisha mtu. Nikataja kwa ajili ya desturi, "Naogopa kuunguza mbao kwa chuma cha lehemu," Mzee akasema gusa. Nikafungua kibao. Nikafungua mguu mmoja wa volyumu, nikapima. Pembeni ilikuwa nzima. Kati, mshale ulishuka ngazi vizuri, halafu ukaruka, ukarudi, ukaruka tena mahali pale pale. Kwikwi ya shemeji ikawa imeonekana. Nilikuwa na volyumu nzima kutoka kwenye redio iliyokufa, ya laki tano vilevile, nikaifungua ile mbovu nipate kuibadilisha.

Nilipoigeuza nikaona mgongo wake.

Mgongo wa volyumu ni kikombe kidogo cha bati, na juu yake huunganishwa waya unaotoka kwenye nyuzi za gitaa, ili mkono wa mpigaji usilifanye gitaa livume. Kikombe hicho kilikuwa cheusi. Lehemu ilikuwa imeyeyuka ikatapakaa, na ukingoni palikuwa na shimo dogo la kuungua. Nikakwangua kwa kucha, masizi yakatoka. Nikazitazama nyuzi zenyewe. Uzi mnene ulikuwa na kovu, mahali pamoja, kama umeonjwa na moto.

Nilimpa Mzee volyumu. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakaa kitini, jambo ambalo hakuwa na mazoea ya kulifanya saa za kazi.

"Gitaa halina umeme wake," alisema. "Halina kitu ndani kinachoweza kuunguza bati. Huu ulitoka nje."

Ijumaa mchana Ambakisye alikuja kulichukua gitaa. Nikamuuliza kama amewahi kuwaona wakilipiga.

"Sana, kaka. Hiyo gitaa inauma lakini! Mimi niliishika siku moja, ikanitupa. Wote inawauma. Wenyewe wanasema imechangamka. Ila Idi haimuumi, amezoeana nayo. Mwezi uliopita aliiegemeza kwenye nguzo ya chuma, ikatoa cheche, taa za ukumbi zote zikazima. Tulicheka mpaka basi."

"Akipiga, Idi anavaa nini miguuni?" Mzee Feruzi akauliza.

Mimi ndiye niliyejibu. Idi alivaa katambuga, viatu vya tairi, alivyokatiwa na baba yake. Alivivaa kazini, alivivaa kwenye dansi, na Mwajuma alikuwa akimwonea haya. Mpira, wajukuu zangu, haupitishi umeme. Gitaa halikuwa limemzoea mtu. Shemeji yangu alikuwa amesimama juu ya tairi.

"Basi safari hii atapendeza," Ambakisye akasema kwa furaha. "Bendi nzima imenunuliwa viatu mpya na bwana harusi. Ndiyo hii boksi nimeibeba." Akafungua boksi tuone. Viatu vyeusi vya ngozi, vinang'aa. Nikakigeuza kimoja. Soli ilikuwa ya ngozi tupu, imepigiliwa misumari ya chuma, safu mbili, na kisigino kina kipande cha chuma cha kuzuia kulika.

Ukumbi ule wa Iringa niliufahamu. Sakafu yake ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa, na kabla ya dansi kina mama huinyunyizia maji, tena mengi, vumbi lisiharibu nguo za sherehe. Udongo wa maji, misumari ya chuma, na mtu ameshika nyuzi kwa mikono yote miwili.

Nikasema gitaa siliachii. Mzee akatikisa kichwa. "Ukilizuia hili wataazima lingine, walichomeke kwenye sanduku lile lile. Ugonjwa hauko kwenye gitaa, uko kwenye sanduku la sauti. Wamelipata wapi?"

Ambakisye alijua. Lilikuwa redio kuukuu ya mzungu aliyehama, na fundi mpita njia aliigeuza ikuze sauti ya gitaa. Mzee akafumba macho. Redio nyingi za wakati ule zilitengenezwa bila transfoma ya kuzitenga na umeme wa nje, ili ziwe rahisi, na waya mmoja wa ukutani ulifungwa moja kwa moja kwenye chuma cha ndani. Ndani ya sanduku lake la mbao, redio hiyo haimdhuru mtu. Lakini ukiunga gitaa kwenye chuma kile, umeufunga ukuta kwenye vidole vya mpigaji. Ukichomeka upande huu, chuma kinalala salama. Ukichomeka upande ule, volti mia mbili na thelathini zinasimama kwenye nyuzi.

Nilifunga volyumu mpya, nikachukua mita, koleo na bisibisi. Mlangoni Mzee akanizuia kwa mkono. "Taja," akasema.

"Naogopa nitamkuta Mwajuma mjane."

Mzee hakusema gusa. Alivua koti la juu akanivika, akasema, "Nenda."

Barabara ya kwenda Iringa enzi zile ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya uji masika, nasi tulikuwa katika uji. Nilikaa juu ya mizigo, gitaa nimelipakata, na boksi la viatu miguuni pangu. Nilikuwa na matumaini bado, kwa sababu gitaa nilikuwa nalo mimi. Sanduku bila gitaa halina meno, na hawangeazima lingine wakijua hili liko njiani.

Tulipofika Igawa springi ya lori ikakatika. Dereva akaingia chini, akatoka na uso wa msiba, akasema hapa tunakaa mpaka springi ipatikane. Alasiri ilikuwa inaisha. Nilimwachia Ambakisye gitaa, nikaenda kisimani kutawadha, nikaswali kando ya duka moja la barabarani. Nakumbuka niliswali kwa utulivu, Mungu anisamehe, nikiamini nimepewa nafasi.

Niliporudi gitaa halikuwepo. Boksi halikuwepo.

Ambakisye alikuwa anatabasamu. "Nimekusaidia, kaka. Imepita gari dogo ya bwana shamba, nafasi ya mtu hakuna ila mzigo wanapokea. Nikawapa gitaa na viatu. Kesho asubuhi vinafika kwa Idi. Sisi hata tukichelewa, harusi haitaharibika."

Sikumpiga. Sikuweza hata kumgombeza, kwa sababu alinitazama kwa wema mtupu. Nilikaa chini kwenye tope nikiwa na koti la Mzee, nikashika kichwa. Yeye akachuchumaa karibu yangu, akawa anasema, "Ndaga, kaka, ndaga, pole, nimekosa nini?" Nilipomweleza, uso wake ukabadilika, na kuanzia hapo alisimama barabarani yeye mwenyewe akisimamisha kila kinachopita. Alfajiri alinipatia nafasi kwenye lori la magunia ya mchele. Alimwambia dereva kwamba naenda kwenye msiba, na sikumsahihisha.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu nisiyoweza kuimaliza. Waya mbili, njia mbili za kuchomeka. Labda leo wamechomeka upande salama. Labda viatu vimembana akarudia katambuga. Labda mvua imekata umeme. Nyie mnaotengeneza vitu mtaijua siku moja hofu hii, ya kujua kitu barabara na kuwa mbali nacho. Asiyejua analala usingizi, mwenye kujua ndiye anayetetemeka.

Iringa iko juu ya kilima. Lori liliniacha chini, nikaanza kupanda kwa miguu, mita kifuani. Nusu ya mlima nikalisikia gitaa. Lilikuwa linapigwa tayari, sauti safi, haina kwikwi. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti nzuri kama ile. Kila lilipolia nilijua Idi yu hai, nikawa napanda nalo, nota kwa nota, nikiomba lisinyamaze.

Likanyamaza.

Katikati ya wimbo, kwa ghafla. Ngoma zikaendelea kidogo, nazo zikanyamaza. Nilikimbia mpaka macho yakaona giza. Niliingia ukumbini nikasukuma watu, sikumsalimia mtu, na nilimkuta Idi amesimama jukwaani na viatu vipya, gitaa limeegemezwa kitini, anajifuta jasho. Uzi ulikuwa umekatika. Basi. Uzi tu. Kina mama walitumia nafasi hiyo kunyunyizia tena maji sakafuni.

"Shemeji!" akasema. "Fundi wa vitunguu umefika na harufu ya tope. Gitaa linaimba kama—"

"Usiliguse," nikamwambia, kwa sauti ya chini, kama nilivyofundishwa. "Idi, nakuomba. Usiliguse."

Bwana Nestori akaja, tai yake imenyooka. "Kamwene, fundi. Mbona unatuingilia hivi? Watu wanangoja."

Nikaomba msumari. Nikaupigilia kwenye udongo wenye maji, mbele ya viatu vya Idi, nikaufungia ncha moja ya mita. Mkono wa kushoto nikauingiza mfukoni. Ncha ya pili nikaigusisha kwenye nyuzi. Ukumbi mzima ulikuwa umesogea kutazama.

Mshale haukusogea.

Watu wakacheka. Bwana Nestori akasema, "Umesafiri kutoka Mbeya kuja kutuonyesha mshale uliolala?" Hata Idi alitabasamu, akaangalia pembeni kwa ajili yangu.

Nikafuata waya wa sanduku mpaka ukutani. Hapakuwa na plagi. Nyaya mbili tupu zilichomekwa kwenye matundu na kubanwa kwa njiti za kiberiti, kama mlivyozoea nyote, msiniangalie hivyo. Hakuna aliyejua ipi ni ipi. Nikazitoa moja moja kwa mkono mmoja, nikazibadilishana matundu, nikazibana kwa njiti zile zile. Nikarudi. Nikagusa nyuzi.

Mshale uliruka ukagonga mwisho wa kioo kwanza, maana nilisahau kupandisha kipimo. Nikapandisha, nikagusa tena. Ukasimama juu ya mia mbili na thelathini, haucheziki.

Hakuna aliyecheka. Idi aliangalia mshale, akaangalia viatu vyake. Mwajuma alikuwa ametoka nyuma kwenye masufuria ya pilau, tumbo mbele, mwiko mkononi. Hakujua kusoma mita, lakini alinijua mimi. "Kaka, hiyo ni nini?" akauliza. Nikamwambia, huo ndio umeme unaopita kwenye mikono ya mumeo nyaya zikichomekwa hivi. Akauliza, zikichomekwa hivyo mara ngapi? Nikamwambia, nusu ya siku zote.

"Basi zirudishe zilivyokuwa," Bwana Nestori alisema, sauti imepungua. "Tupige. Bwana harusi ametoa viatu, tutamwambia nini?"

"Na njiti ikichomoka? Nani atakumbuka waya upi?"

Nestori akazitazama njiti. Alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na ukumbi uliojaa. Akaniuliza kama ninaweza kufanya kitu sasa hivi. Nilikuwa na kimoja tu. Nikafungua kibao cha gitaa, nikamwonyesha Idi ule waya mwembamba uliotoka kwenye nyuzi na kutua mgongoni mwa volyumu. Nikauliza kama anakubali niukate.

"Ukikatwa itakuwaje?"

"Nyuzi hazitakuwa na umeme. Lakini gitaa litavuma, shemeji. Litavuma kama mzinga, kila ukiliachia."

Kwa mpigaji gitaa hilo si jambo dogo. Alikuwa ametoka kupigiwa makofi ya sauti safi maishani mwake kwa mara ya kwanza. Alimtazama Nestori, Nestori akatazama chini. Mwajuma akasema kwa utaratibu, "Idi, mimi nitakaa na mtu anayevuma."

Nikaukata. Nikakifunga chuma cha ncha ya waya unaotoka gitaani kwenda kwenye sanduku kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kisiguswe. Nikarudisha nyaya ukutani upande ulio salama, na juu ya matundu nikatundika kitambaa chekundu cha Mwajuma. Mbeya nzima ingejua maana yake.

Lakini hii ilikuwa Iringa. Idi akafunga uzi mpya, na dansi ilipoanza tena gitaa lilivuma kweli, watu wakaguna, kisha wakalizoea wakacheza. Idi alinikonyeza, akapaza sauti, "Haya, asali iko wapi?" Ukumbi ukacheka. Nilisimama kando ya sanduku, na moyo ulianza kushuka mahali pake. Ndipo bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyekuwa anacheza kwa madaha kupita umri wake, aliunasa waya kwa mguu. Njiti zikatoka, muziki ukakatika. Kabla sijapenya katikati ya watu, mjomba wa bwana harusi alikwisha kukiondoa kitambaa kile, akidhani ni cha yule bibi, akamrudishia kwa heshima, na nyaya akazichomeka. Gitaa likavuma, Idi akaendelea pale pale alipoachia.

Nilipiga magoti penye sanduku. Ncha moja kwenye msumari ardhini, nyingine kwenye chuma cha sanduku. Mkono mfukoni.

Mshale ukasimama mia mbili na thelathini.

Nikainua macho. Idi alikuwa hatua chache kutoka kwangu, viatu vya misumari kwenye udongo wa maji, vidole vyote vinatembea juu ya nyuzi. Alikuwa amefumba macho. Kati yake na mshale ule palikuwa na nafasi ya waya niliokata, upana wa ukucha. Sikupiga kelele, asije akashtuka. Nilitembea kwa kunyata kama watoto wa Mbeya, nikafika ukutani, nikazing'oa nyaya. Watu wakalalamika tena. Nikazigeuza, nikazibana, na kuanzia hapo nilisimama mbele ya matundu yale, mgongo ukutani, mpaka harusi ikaisha.

Mwajuma alinifuata pale na sahani ya pilau. Hakuuliza nilichokiona, alikuwa amekisoma usoni pangu. Aliuliza tu, "Mshale umelala?"

"Sasa umelala," nikamwambia.

Akakaa chini karibu na miguu yangu, juu ya ule udongo wa maji na nguo yake nzuri, na hakuondoka.

Wiki iliyofuata tulilibeba sanduku hadi Mbeya, mimi na Mzee Feruzi tukalifungia transfoma, na ule waya wa nyuzi nikaurudisha mgongoni mwa volyumu, mahali pake. Mvumo ukaisha. Mtoto alizaliwa, ndiye shangazi yenu Zaituni anayewaletea mandazi. Idi alizeeka na katambuga zake, na aliniita fundi wa nyuki mpaka siku ya mwisho wake, ambayo ilikuwa ya kawaida, kitandani, kwa uzee.

Nyinyi mkiletewa gitaa linalovuma mnakimbilia kuuondoa mvumo, na ni kazi yenu, uondoeni. Ila kwanza tajeni mnachokiogopa, na mkono uende mfukoni. Mimi likinivumia gitaa chumbani huwa nakaa kidogo bila kuligusa, nasikiliza, kwa sababu kwangu hiyo bado ni sauti ya shemeji yangu akiwa hai.